Breki za Morisi: Maisha ya Marehemu Mzee Silvano Mabrouk

Mimi ni Tekla, mtoto wake wa kwanza. Familia imenipa kazi ya kusoma, na marehemu mwenyewe aliniagiza niseme, nami sitaruka kitu. Humu mna mambo niliyoyaandika mara nne na kuyafuta mara tatu. Naomba mnivumilie, na naomba watoto wasitolewe nje.

Mzee Silvano Mabrouk alizaliwa Mbweni, Unguja, tarehe 9 Juni 1952, akiwa wa tatu katika watoto watano wa Mzee Mabrouk Songoro, seremala, na Mama Agnesi, aliyekuwa akishona kanzu za kanisa. Alibatizwa mwezi huo huo. Bibi alikuwa akisema kwamba alichelewa kutembea, lakini alipoanza alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya babake na kuing'oa mnyororo.

Alianza skuli mjini mwaka 1960, akenda na kurudi kwa miguu. Hakuwa hodari wa kuandika, lakini hesabu alizifanya kichwani kabla chaki haijatua. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa Mwalimu Saud, mtu wa Vuga, aliyempenda kama mwanawe. Alipomaliza masomo mwaka 1969 na kukaa nyumbani miezi mitatu bila ya kazi, Mwalimu Saud alimshika mkono, akampeleka kwa mkuu wa karakana ya magari na kumwambia, "Huyu mchukue. Nikikwambia huyu anaweza, anaweza." Marehemu alisema mpaka uzeeni kuwa kila alichonacho kilianzia asubuhi ile.

Alifanya kazi karakanani miaka kumi na moja, kisha mwaka 1981 akafungua banda lake mwenyewe Saateni. Wengi mlioko hapa magari yenu yamepita mikononi mwake. Alikuwa akisikia gari kwa sikio kama wengine wanavyosikia sauti ya jirani. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, gari likapita nje ya kanisa likikohoa. Marehemu akasema, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Plagi ya tatu." Padri akanyamaza, akamtazama, akasema, "Ahsante, Fundi. Tuendelee." Kanisa zima likacheka, na yeye akacheka zaidi ya wote.

Tarehe 24 Novemba 1979, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Bibiana, mama yetu, ambaye amekaa hapa mbele. Mungu aliwajaalia watoto watatu. Hakuwahi kutupiga. Hakuwahi kurudi nyumbani bila ya kitu mkononi, hata kama ni embe moja la kugawana.

Sasa ninafika pahala pagumu.

Mwalimu Saud alikuwa na gari aina ya Morisi, ya mwaka 1959, rangi ya maziwa. Dereva wake alikuwa Bwana Simai Mcha, kijana wa Mkokotoni. Mwezi wa Oktoba 1986 gari lile liliingia bandani kwa marehemu kutengenezwa breki. Breki za Morisi za wakati ule zilikuwa na njia moja tu ya oili. Ikivuja pahala pamoja, magurudumu yote manne hayana kitu. Marehemu alifungua silinda kubwa ya breki akaona raba yake imekwisha. Raba mpya haikuwepo mji mzima. Alikuwa ameshampa Mwalimu ahadi ya siku ile, na aliona haya kumwambia mtu aliyemtoa nyumbani kuwa kazi imemshinda. Akaiosha raba ile ile, akairudisha, akafunga. Alijiambia kuwa wiki ijayo ataipata nyingine na atalirudisha gari kimya kimya. Simai alipokuja kulichukua, marehemu alimwambia neno moja: "Tayari."

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 1986, Simai alikuwa peke yake akiteremka mteremko wa Dole kuelekea shamba la Mwalimu. Watoto wa skuli walikuwa wakivuka barabara. Akakanyaga breki, mguu ukenda mpaka chini. Akavuta ya mkono, haikutosha. Akalitia gari shambani kusudi asiwafikie watoto, likagonga mnazi. Mguu wake wa kulia ulivunjika pahala pawili. Hakuna mtoto aliyeguswa.

Wiki sita baadaye, Mwalimu Saud aliwaita wote wawili nyumbani kwake Vuga. Watu walikuwa wamekaa barazani. Simai alisimama na magongo yake.

"Simai anasema breki zilikata," Mwalimu alisema. "Silvano, breki ulizitengeneza wewe?"

"Naam, Mwalimu."

"Zilikuwa nzima?"

Marehemu aliniambia kuwa hapo aliinamisha macho, akaona vumbi kwenye viatu vyake.

"Zilikuwa nzima," akasema.

Mwalimu alimwachisha Simai kazi pale pale. Alimwambia kuwa kukosea anasamehe, lakini kumsingizia fundi wa watu hasamehe. Simai akarudi Mkokotoni. Hapana aliyempa tena gari kuendesha. Alibeba matenga ya samaki sokoni, mguu ule akiuburura nyuma, na watu wakampa jina. Walimwita Simai Breki. Watu wazima walimwita hivyo, na watoto wakimpigia kelele wakikanyaga chini, "Breki! Breki imekata!" Aliitwa hivyo miaka thelathini na mitano.

Katika miaka hiyo baba yangu alikuwa fundi anayeheshimiwa. Tulikula, tukasoma, tukavaa viatu.

Mwalimu Saud alifariki mwaka 2009. Morisi ilikuwa bado iko shambani Dole, ndani ya banda la makuti, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Mwaka 2011 marehemu aliwaomba watoto wa Mwalimu, nao wakamwambia, "Lichukue tu, Fundi, ni chuma chakavu." Akalileta kwetu Mbweni juu ya lori, akalitia uani.

Majirani walidhani ni mapenzi ya vitu vya kale. Hata sisi. Sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaiona ardhi. Alilikata bati bovu lote, akachomelea jipya, kipande kwa kipande. Milango aliinyoosha kwa nyundo ndogo na mfuko wa mchanga. Injini ilikuwa imekamatana haizunguki, na yeye hakutaka kuifufua. Alitia injini ya Korola ya zamani pamoja na giaboksi yake, akatengeneza upya vishikizo vyake. Waya zote alizitoa akatandaza mpya. Alifunga mikanda ya viti, ambayo gari lile halikuwahi kuwa nayo tangu lizaliwe.

Lakini kazi ya kwanza kabisa ilikuwa breki. Aliziondoa ngoma za magurudumu ya mbele akafunga diski, na silinda ya njia moja akaitoa akaweka ya njia mbili, ili moja ikifeli nyingine isimamishe. Kisha akazifungua zote, akazifunga tena. Mama alitoka jikoni siku moja akamkuta anafungua kwa mara ya tatu.

"Baba Tekla," akamwambia, "gari halina injini, halina viti. Hizo breki unataka kumsimamisha nani?"

Mama anasema aliinuka akenda kunawa mikono, akakaa sana bombani.

Kazi ilimchukua miaka saba. Mwezi wa Septemba 2018 alilipaka rangi ile ile ya maziwa, na Jumanne moja akaliwasha akenda nalo Mkokotoni, peke yake. Alimkuta Bwana Simai amekaa mlangoni kwake, akishona wavu. Haya waliyosema nimeyapata kwa baba mwenyewe.

"Bwana Simai, nimekuletea gari."

"Gari la nani?"

"Lako. Siku ile breki zilikuwa mbovu. Nlijua."

Simai aliendelea kushona tundu mbili tatu za wavu. Kisha akasema, "Na mie nlijua kuwa unajua. Nlikutazama pale kwa Mwalimu, ukainama."

"Nisamehe."

"Gari sitaki. Mie hawanambii maskini, Fundi. Wananambia muongo. Njoo Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Simama pale sokoni, uyaseme haya haya kwa sauti. Ukishasema, njoo ule wali kwangu."

"Ntakuja."

Ijumaa ile alivaa shati jeupe, akaondoka saa nne asubuhi. Alifika Mahonda, katikati ya njia, akageuza gari. Ijumaa ya pili alifika Donge, mbele kidogo, akageuza tena. Ijumaa ya tatu alilifunika gari kwa turubai, na hakulitoa tena uani mpaka anakufa. Sisi tukadhani amechoka kuendesha.

Bwana Simai alifariki mwezi wa Machi 2021. Marehemu alikwenda matangani, safari hii kwa basi. Alikaa mkekani pamoja na wanaume. Mtu mmoja akasema, "Simai Breki alikuwa mtu mwema, kosa lake ile habari yake ya gari." Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka matangani. Baba yangu alikuwa pale. Alishika kikombe cha kahawa, akanywa, hakusema. Alipotoka, Bi Mwanakheri, binti wa Simai, alimfuata mpaka njiani akamwambia, "Ahsante mzee wangu kwa kuja. Baba alikuwa akikutaja."

Yeye akaitikia, "Amin."

Aliniambia mimi mwaka uliofuata, tumekaa ndani ya Morisi uani, turubai imefunuliwa nusu. Alisema yote. Alitaka nimpeleke Mkokotoni kesho yake. Nami nilimjibu hivi, na ninayaandika maneno yangu kama yalivyotoka: "Baba, mzee wa watu keshakufa. Ya nini kujivunjia heshima na kutuvunjia sisi? Nyamaza." Nilikuwa na mtoto anayeposwa mwaka ule. Nilifikiria watu watasemaje. Alinitazama, akasema, "Haya, mwanangu," akashuka garini. Kwa hiyo ya baba ni ya miaka thelathini na mitano, na yangu ni ya miaka miwili. Yote yako katika karatasi hii.

Tarehe 11 Agosti 2024 marehemu alipatwa na kiharusi akiwa amekaa mezani. Upande wa kulia ulikufa, na sauti ikaondoka. Madaktari na wauguzi walifanya waliloweza, na tunawashukuru, lakini sauti haikurudi. Miezi ile alijaribu kila siku kusema kitu, zikitoka pumzi tu, na machozi. Mama alidhani anaomba maji. Mwezi wa Novemba nilimpa kalamu, akaandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kama za mtoto wa darasa la kwanza: SEMA WEWE.

Nilikwenda Mkokotoni mwezi wa Disemba. Bi Mwanakheri alinikaribisha, tukakaa, nikamweleza. Hakupiga kelele. Nilitamani apige.

"Baba alikuwa akitwambia," alisema. "Kila mwaka. 'Wanangu, breki zilikata.' Na sie tukimwambia, basi baba, yashapita hayo. Mie mwenyewe sikumsadiki, Bi Tekla. Nlimpikia, nlimfulia, nkamzika, na sikumsadiki."

Hapo ndipo nilipojua kuwa tulichokichukua kwa Simai kiliingia mpaka ndani ya nyumba yake. Nilimwuliza familia yake inataka nini, na nikamtajia gari.

"Gari hatulitaki," akasema. "Someni jina la baba mbele ya watu. Mie ntakuja, na ntakuja na watu wa sokoni."

Niliporudi nilimweleza marehemu, jicho lake likiwa juu yangu. Alinishika kidole, hakukiachia mpaka akalala. Alifariki nyumbani Mbweni, Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa moja na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Jana jioni wadogo zangu waliniomba nifupishe. Walisema baba alifanya mema mengi, na ni kweli. Nami kwa saa nzima nilikubaliana nao, nikawa nimeshaikunja karatasi ya pili. Mama ndiye aliyeikunjua. Alisema, "Nimelala na mtu huyu miaka arobaini na mitano, na sikumjua alikuwa akiogopa nini. Soma."

Basi ninasema, kwa ajili ya wote waliokuja kutoka Mkokotoni, na kwa ajili ya wote wa Vuga na Saateni waliowahi kusikia vingine. Bwana Simai Mcha hakuendesha ovyo. Breki zilikata kama alivyosema, na aliyezifunga akijua ni mbovu ni Silvano Mabrouk. Simai aliliacha gari limvunje yeye ili lisiwafikie watoto. Hakuwahi kusema uongo juu ya jambo hili, hata siku moja. Atakayelitaja jina lake kuanzia leo, amwite Simai Mcha.

Gari liko uani kwetu. Hatujui tulifanye nini.

Marehemu ameacha mjane, Bibiana. Watoto watatu, Tekla, Ignas na Kolumba. Wajukuu saba, na dada mmoja, Bi Perpetua wa Kikwajuni. Nasi tuliobaki tumeachiwa aibu yake pamoja na wema wake, na hatuna ruhusa ya kuchagua kimoja.

Bwana ampe baba yetu pumziko ambalo hakulipata tangu Oktoba ile. Na Bi Mwanakheri, kama bado uko, naomba tukimaliza kuzika usiondoke. Mama anataka kukupa mkono.