Ngano Nyuma ya Mlango

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, itikieni kwa nguvu, maana mimi mwenyewe nguvu zimeniishia kabla sijaanza. Kwa ninyi wageni mliotoka Bunda na Butiama, naitwa Mama Magesa, nakaa hapa hapa Mwisenge, na haya niliyoshika kwenye dumu lililokatwa ni majani ya ngano. Mnacheka? Chekeni, ila mnisikilize, kwa sababu ushuhuda wenyewe mpaka leo siuelewi vizuri.

Mume wangu, Baba Magesa, ni fundi wa nyavu kule mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki. Alikuwaga mlevi. Simsemi vibaya, mwenyewe ameniruhusu. Alikuwa anakunywa kabla ya chai, anakunywa jioni, na mkono usipopata pombe unatetemeka mpaka sindano ya nyavu inamdondoka. Tulipoombewa hapa, akaacha. Akaacha kweli! Mimi nikadhani yameisha. Kumbe pombe imeondoka, mikono bado inatetemeka, na fundi asiyeweza kushona anashinda anatazama ukuta. Kituo cha afya wakampa vidonge, wakasema avumilie. Lakini nilikuwa naona macho yake yanavyoiangalia njia ya kilabuni. Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa atarudi kule na safari hii hatatoka.

Ndipo wifi yangu wa Kiabakari, dada yake Baba Magesa, akapita na bodaboda akiwa na mfuko wa ngano nzima, ile isiyosagwa. Akasema ukikamua majani yake machanga, maji yake yanasafisha damu, yanaleta hamu ya kula, yanatuliza mwili. Akataja na magonjwa mengine mengi, mpaka nikaona huyu ananihubiria duka zima la dawa. Nikamuuliza, naoteshaje? Akajibu akiwa ameshapanda pikipiki: "Loweka, funika, ikichipua mengine unajua!" Huyo, akaondoka.

Unajua! Sasa mimi mtoto wa Butiama, nafaka ya kuloweka na kufunika naijua moja tu. Bibi yangu alikuwaga anatengeneza kimea cha pombe, na sisi wajukuu ndio tulikuwa tunaloweka mtama. Mikono yangu ikafanya yenyewe. Nikaloweka ngano kwenye ndoo, nikachuja maji, nikaimimina kwenye gunia bichi, nikafunika kwa majani ya mgomba, nikaweka jiwe juu, nikasukuma nyuma ya mlango penye giza na joto. Na nikaliombea lile gunia. Haleluya!

Ndugu zangu, ngano ikachipua, na nyumba ikaanza kunuka. Akina mama wa maombi walipokuja kunitembelea, wakakaa, wakatazamana. Mmoja akaniuliza nyuma ya mlango kuna nini. Nikasema dawa ya mume wangu. Siku hiyo waliomba macho wazi! Mko hapa, mnajijua, nimeshawasamehe.

Jioni Baba Magesa akarudi nyumbani. Akasimama mlangoni, pua ikacheza. Akaenda moja kwa moja kwenye gunia, akaingiza mkono, akakuta lina joto. "Mama Magesa," akasema, "umeanza kunipikia pombe?" Jamani! Nikasema dawa, nikasema ngano, nikasema wifi, vyote kwa mara moja. Yeye akatoka, akashika njia ya kilabuni.

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nikapiga magoti kando ya gunia. Niimwage? Si nimeambiwa ni dawa? Niiache? Mbona inanuka kilabu? Nikawa nakemea roho ya ulevi huku mikono inaigeuza ngano, maana kimea kisipogeuzwa kinaoza! Mnaona kichwa changu kilikuwa wapi? Sikujua kama namwokoa mume wangu au namrudisha mimi mwenyewe. Nikalia, nikasema, Bwana, hata cha kukuomba sikijui.

Giza lilipoanza kuingia akarudi. Nikamtazama miguu, haikuyumba. Begani amebeba mfuko wa udongo! Nikasema sasa huyu naye amechanganyikiwa.

Akanieleza. Alifika mpaka mlangoni pa kilabu, na harufu iliyotoka mle ndani ilikuwa ile ile aliyoiacha nyumbani. Akasimama, akajiuliza: huku inaitwa pombe, kwangu inaitwa dawa, sasa nani ananidanganya? Akashindwa kuelewa. Badala ya kuingia akatoa simu, akampigia dada yake amgombeze. Dada mtu akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia, hicho mlichopika ni kimea, ninyi! Ngano ikichipua inatandazwa juu ya udongo, inawekwa penye mwanga, inanyunyiziwa maji. Baba Magesa anasema alipokata simu kiu bado alikuwa nayo, ila miguu ilikuwa imeshageuka kutafuta udongo.

Tukachambua ile ambayo haijaoza, tukaitandaza kwenye madumu yaliyokatwa, tukayapanga dirishani. Yakatoka majani ya njano kwanza, halafu yakawa kijani kibichi, mazuri! Anayamwagilia mwenyewe kila asubuhi, saa ile ile aliyokuwa anakwenda kunywa. Anayakata kwa mkasi wangu, tunayatwanga, tunakamua kwenye kitambaa, anakunywa kikombe kidogo na ndimu huku amekunja uso. Makapi wanakula kuku, na mbuzi wa jirani ameshajua dirisha letu. Vidonge hajaacha. Kule kituo cha afya walituambia majani ni chakula tu, dawa aendelee nazo, na tumetii.

Na juzi nikamkuta amekaa mlangoni na wavu mapajani, anashona.

Sasa msiniulize ni nini kilichomponya. Wifi anasema ni majani. Kituo cha afya wanasema ni vidonge. Akina mama wanasema ni maombi yao, yale ya macho wazi! Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mume wangu alifika mlangoni pa mauti yake, akachanganyikiwa, asiingie. Nilikuwa naomba Mungu atupe akili, akatupa mkanganyiko, na huo ndio uliomshika mguu. Asante Yesu! Asante!

Ndugu yangu uliyekuja hapa huelewi chochote kuhusu maisha yako, usione aibu. Mwamini Bwana hivyo hivyo, hata kama hujaelewa. Kama umesimama kwenye mlango wako, usiingie kwanza. Piga simu. Mgombeze mtu ikibidi. Geuka.

Baba Magesa, najua hupendi kusimama mbele za watu. Kaa hapo hapo nyuma, inua tu mkono wakuone. Haya, mwoneni. Unatetemeka kidogo. Kidogo tu! Ndugu zangu, tumshukuru Mungu kwa huo mkono.