Aliyeinywesha Safu ya Saba

Mwaka 2024, tangu Mei hadi katikati ya Agosti, kijiji cha Valea Sitarului kilipata milimita kumi na moja tu za mvua, na joto la adhuhuri lilizoea kufika nyuzi thelathini na nane. Kwenye benchi la langoni kwa Bibi Gherghina, ambaye alikuwa akimimina kahawa, Anghel, akiwa na wazee wenzake wawili, aliutazama ukanda wa shamba lake aliompa mtafiti: safu kumi na mbili za alizeti, kila moja aina yake, zote zimenyimwa maji makusudi ili ijulikane ipi ina roho ngumu. Ukame ulikwisha kumlia mavuno ya miaka miwili. Akikosea mbegu tena, shamba atalikodisha. Safu ya saba, iliyoishia mbele ya lango hilo, ilikuwa kijani kibichi.

— Mbegu ndiyo hiyo, Anghel, alisema Waziri, aliyepata jina hilo kwa kumwendesha waziri siku moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzizi wake umeinama hadi mto Danube.

— Danube ni kilomita arobaini, wewe! Anghel akapinga.

— Basi umefika jana.

— Usimsikilize, akadakia Goti, ambaye goti lake hutabiri mvua na kukosea. Hiyo ina damu ya ngamia. Hebu ona shingo!

— Ngamia na mafuta wapi na wapi? Anghel akauliza.

— Kwani nunduni mna nini, asali?

— Inakunywa umande, Waziri akasisitiza. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

— Methali hiyo imeingiaje hapa? Goti akauliza.

— Kwa mlango wa nyuma. Kunywa kahawa.

Anghel alicheka, lakini moyoni alikwisha kuipanda safu ya saba shamba zima.

Mara mtafiti, Daktari Smaranda, akatokea shambani, udongo hadi viwikoni.

— Habari zenu, wazee. Chini ya safu ya saba udongo umelowa. Nani anaimwagilia?

Waziri akachungulia kikombe. Goti akakanda goti. Anghel akang'amua: tangu amzike mumewe, Bibi Gherghina hubeba ndoo ya maji kila asubuhi kumpa mwenye kiu, kwa ajili ya roho ya marehemu, hadi zitimie ndoo arobaini na nne, kama desturi inavyotaka. Kusema ni kumwaibisha mjane. Kunyamaza ni kupanda uongo.

Mjane mwenyewe akatua birika.

— Ni mimi, mwanangu. Maji ya Toader wangu. Majirani wote wana bomba. Wenye kiu niliwaona hawa tu, akasema akiwanyooshea kidole alizeti wa safu ya saba.

Smaranda akamshika mkono.

— Mungu amrehemu, bibi. Amewanywesha vizuri.

— Sasa iliyostahimili kweli ni ipi? Anghel akauliza.

— Ya kumi na moja. Ile fupi, yenye sura mbaya. Haikupata tone, na kichwa chake kimejaa mbegu hadi katikati.

— Ile? Goti akaruka. Mimi nilidhani ni magugu!

Anghel alitembea hadi safu ya kumi na moja, akavua kofia.

Safu ya saba ilifutwa kwenye matokeo. Gharama yake yote: ndoo arobaini na nne za maji.