Landrova Iliyosinzia Kilima cha Mwika

Kijiwe chetu cha Pasua, mjini Moshi, kilikuwa kiti kimoja tu, kile kirefu cha nyuma cha basi lililokwisha kuoza, kimeegeshwa juu ya matofali mbele ya jiko la Filemon muuza kahawa. Ulikuwa ule mwaka wa foleni: sabuni foleni, sukari foleni, na petroli kwa kibali cha ofisini. Alasiri hiyo kilele cha Kibo kilikuwa kimejivua mawingu hadi mabegani, na weupe wake ukawafanya watu waongee polepole, kama walioamshwa usingizini. Sirili hakuutazama. Alikaa na grisi yake mikononi, Landrova yake imesimama hatua kumi kutoka pale, na kifua chake kikichemka kuliko birika la Filemon. Ilikuwa mara ya pili wiki hiyo kushindwa kumfikisha mama yake Tarakea.

Mama Anyesi alikuwa na ukungu machoni. Kila mwezi ulizidi, na alikuwa amebakiwa na ombi moja: auone uso wa mdogo wake Epifania, aliyeolewa Tarakea, kabla nyuso zote hazijawa moshi. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilitosha kwenda tu. Kibali kingine kingetoka mwezi ujao, na macho ya mama hayakuwa na kibali.

— Limekufia wapi leo, Mwenyewe? aliuliza Gidioni, waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzimia. Naye Sirili walimwita Mwenyewe, maana yeyote aliyeinua spana karibu na gari lake alifokewa: "Weka chini, nafanya mwenyewe!"

— Palepale, kilima cha Mwika. Linakohoa mara tatu, linalala. Nikingoja nusu saa linaamka, utadhani halikufanya kitu. Mbele kidogo, linalala tena.

— Plagi?

— Nimesugua.

— Pointi?

— Nimepima kwa karatasi ya sigara. Kabureta nimeifungua, jeti nimepuliza mpaka nikaona nyota mchana. Oili mpya. Rejeta imejaa maji. Usinifundishe gari langu, Redio!

— Nani anakufundisha? Nasema tu, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini?

— Cha usingizi! Hii petroli ya kibali inakaa kwenye mapipa miezi, imelala. Unaitia kwenye tangi ikiwa bado inaota. Gari likianza kupanda, ndoto inafika kwenye injini.

Filemon alicheka, akamwongezea kahawa. Sirili alitaka kutukana, lakini kikombe kilikuwa cha moto, na tusi likachelewa.

— Sikilizeni, alisema Onesphory, Nusu Padri, aliyeacha seminari mwaka wa nne na kubaki na sauti ya mimbari. Hilo gari lilikuwa la nani?

— La mlowezi wa shamba la kahawa. Nililinunua kwa jasho, na karatasi ninazo.

— Basi! Mzungu yule kila jioni alikuwa anasimama kilima cha Mwika. Anazima, anawasha kiko, anautazama mlima. Miaka kumi na tano. Sasa wewe unapita pale mbio, na gari linasimama kumngoja bwana wake amalize kiko. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Kiko nusu saa?

— Kiko cha mlowezi, mangi. Hakuwa na foleni ya kuwahi.

Sirili alijikuta anaiona: Landrova mpya, majani ya migomba yakiigusa, moshi wa kiko ukipanda kuelekea theluji. Aliona raha, kisha akajikasirikia kwa kuona raha.

— Upuuzi! Mimi mtu wa kusema wazi. Chuma hakikumbuki.

— Hakikumbuki, kinavutwa, alidakia Redio. Theluji ile ya juu mnadhani inakaa bure? Inavuta pumzi. Watu wakifika juu wanahema, si ndiyo? Basi Mwika ndipo pumzi inapoanzia kuvutwa. Gari likifika pale, mlima unameza pumzi yake. Ukingoja, unairudisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Na mabasi ya Rombo yanapita vipi?

— Yana abiria wengi. Mlima unashiba kwa abiria.

Hata Nusu Padri alitikisa kichwa kwa heshima. Filemon akasema labda wangepakia mbuzi wawili, wa kuushibisha.

— Gari langu halina kasoro! Sirili alisimama. Hata mfuniko wa tangi walioniibia sokoni mwezi uliopita, maduka yote ya Moshi hakuna, nimechonga mwenyewe. Mti wa mringaringa, nimeuvika mpira wa tyubu, umebana kuliko kizibo cha kibuyu. Hakitoki hata kiharufu. Petroli ya kibali, nani aiache ipae?

— Kile kizibo ni kazi, alikiri Redio. Nilikibana kwenye mdomo wa debe la maji, nikaligeuza. Hata tone.

Fimbo ilisikika kokotoni. Mama Anyesi alikuja taratibu, mkono mmoja mbele yake kama anayepapasa pazia.

— Shikamoo, Mama.

— Marahaba, wanangu. Nilikuja kusema safari basi, nisiwachoshe. Nimewasikia toka pale kwenye ua. Sirili, umeziba tangi kama kibuyu?

— Zaidi ya kibuyu, Mama.

— Hapapiti kitu?

— Hapapiti hata upepo!

— Petroli ikitoka mle kwenda kwenye injini, mahali ilipokuwa panaingia nini?

Sirili alikwenda kwenye gari, akashika kizibo kwa mikono miwili, akakivuta. Hakikuja. Aliweka goti ubavuni, akavuta tena, na kilipong'oka tangi likavuta hewa kwa muda mrefu, fyuuuu, kama mtu aliyezamishwa akaachiwa.

Alirudi na kizibo kiganjani.

— Kosa ni langu, Mama. Si mlima, si mzungu; tangi halikupata hewa, petroli ikakwama. Nimekunyima safari mbili kwa mikono yangu.

— Nimesikia. Sasa?

Alimwomba Filemon msumari. Filemon aliondoa birika motoni bila kuambiwa, na kahawa ya watu ikapoa huku msumari ukiiva makaani. Mbali na gari, Sirili alitoboa kizibo katikati, mpira ukinuka, Redio akikishikilia na kufumba macho. Safari hii Mwenyewe hakumfokea. Kilipopoa alipuliza tunduni; pumzi ikapita upande wa pili.

Mama alikuwa ameshapapasa mlango na kukaa kiti cha mbele, khanga imefungwa vizuri.

— Mama, jua linazama. Tutafika giza, hutamwona vizuri. Tungoje asubuhi.

— Epifania ana koroboi. Washa gari.