Nyuzi Mia na Kumi

Benchi la kijiweni liliegemea ukuta wa karakana ya Fundi Sofa, lakini asubuhi ile mwenyewe hakukaa. Alisimama na kikombe cha kahawa asichokinywa, akilikodolea macho gari lake la kizamani, lile la injini nyuma, lisilo na rejeta, linalopozwa na upepo tu. Mama yake alikuwa amengoja miezi minane nafasi ya kupasuliwa jicho. Nafasi ilikuwa kesho, kilomita mia tatu kutoka hapo, na basi la siku lilikuwa limeshaondoka. Jana Fundi Sofa alilijaribu gari kwenye barabara kuu. Kipimo kipya cha joto la oili kikapanda hadi nyuzi mia na kumi, naye akageuza gari, akarudi nyumbani.

— Mia na kumi! — alisema Injinia, fundi redio ambaye hajawahi kufungua hata baiskeli. — Hapo oili imeshakuwa supu.

— Maji ya moto hayachomi nyumba, — Mstaafu, mzee wa kijiwe hicho, akadakia.

— Mzee wangu, injini hii haina maji! — alisema Fundi Sofa.

— Ndiyo nakwambia. Ingekuwa nayo, nyumba ingepona.

Fundi Sofa akafumba macho.

— Jamani, nauliza kitu kimoja tu. Nimpeleke mama au nisimpeleke?

— Nenda kinyumenyume, — alisema Injinia. — Injini iko nyuma, upepo utaikuta kwanza.

— Kilomita mia tatu?

— Mvumilivu hula mbivu.

— Usimsikilize huyo, — alisema Mstaafu. — Kinachopika oili ni lami. Wewe pita kwenye majani. Tena ng'oa milango.

— Mama ana miaka sabini na sita! Nimbebe kama mchanga?

— Mchanga haulalamiki.

Fundi Sofa alikuwa amefungua kinywa amtukane mtu mzima, mama yake alipotokea na kikapu chake, jicho moja limefunikwa kitambaa.

— Bado mnabishana? Hicho kimshale kilifika ngapi?

— Mia na kumi, mama.

— Na injini ya namna hii isiyo na ubovu, kwa kawaida hufika ngapi?

Injinia alimtazama Mstaafu. Mstaafu alichungulia ndani ya kikombe chake. Fundi Sofa akaweka kikombe chake benchini, akatoa ufunguo wa gari mfukoni.

Mama akafungua mlango wa mbele, akajivuta kitini, akapakata kikapu.

— Kumbe hakuna ajuaye kama mia na kumi ni nyingi! Washa, mwanangu. Likizidi moto tutasimama lipoe. Kwani upepo unauzwa?