Kiwavi wa Tasleem

Kabla Tasleem hajawa bingwa wa wadudu, alikuwa na kiwavi mmoja tu. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita, na baraza ya Kibokoni ilikuwa na njaa ya habari, ndipo babake, Ghulam muuza vifungo, akaja barazani na kikanda cha ukindu kilichokwisha halua, ndani kafungiwa mdudu huyo. Tasleem alikuwa amemtoa kwenye mdimu, akamlisha majani hadi akajifungia ndani ya ganda. Nyanyake akasema shule ndiyo inayomfundisha kulea wadudu; aachishwe, akae nyumbani ajifunze kushona. Ghulam hakupenda kugombana na mamake, akakata shauri: akitoka kipepeo kama mtoto asemavyo, asome, asipotoka, basi. Moyoni alikuwa akimwombea kiwavi dua.

— Amekufa, akasema Taib, mmoja wa wanabaraza, aliyeitwa Kadhi kwa kuhukumu kila kitu. Mwana wa nyoka ni nyoka. Kiwavi ataleta wapi mbawa?

— Yuwalala tu, akajibu Tsuma, aitwaye Wailesi kwa kutangaza asiyoyajua. Na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kalelewa kwa majani ya mdimu, atatoka ndimu.

— Na angelelewa kwa halua?

— Tungekuwa tushamla.

Ghulam akapaliwa na kahawa kwa kucheka.

— Sikizani, akaendelea Tsuma. Hilo ganda ni handaki. Alisikia vita, akajificha, na hajapata habari kwamba Hitla kashindwa.

— Basi mwambie wewe, Wailesi.

Tsuma akainama juu ya kikanda, akamtangazia amani. Ganda likatikisika. Pakatoboka tundu, akatoka nyigu mwembamba, anajifuta uso.

Taib alikuwa keshafika ng'ambo ya njia, bila viatu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema kutoka huko.

Ghulam akanyong'onyea. Nyigu si kipepeo, na ahadi ni deni.

Tasleem akatokea na mkoba wake wa shule, akachungulia kikandani. Badala ya kulia, akapiga makofi.

— Baba, nilikosea! Lakini kikanda nilikifunga mwenyewe, na ganda halikuwa na tundu. Huyu nyigu aliingia lini?

Taib akamtazama Tsuma. Tsuma akatazama kikombe chake.

— Wailesi, mbona umezimika? akauliza Taib.

Ghulam akajikuta naye anataka kujua, tena anataka hasa, kuliko alivyomtaka kipepeo.

— Hatujui, mwanangu. Na nyanyako hajui; yeye niachie mimi. Kesho nenda shule ukaulize. Na kesho kutwa pia.

— Na ukishajibiwa, akasema Taib akirudi kutafuta viatu, pitia hapa kwanza.