Bendera Moja ya Mzee Japhet

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kutunza nyasi za kiwanja chetu hapa ugenini, Mzee Japhet Mwakalinga anastaafu leo Alhamisi, tarehe 27 Juni 2019. Amechoka, na hafichi. Akipanda ngazi, magoti yake tunayasikia hadi mapokezi. Kila akiulizwa atapumzika lini, hujibu, "Inshallah Ijumaa."

Aliajiriwa kumwagilia maji tu. Baadaye akaongezewa chokaa, nyavu, na kila kazi tuliyoikwepa sisi wengine. Mwaka 2012 Waaustralia wakaanzisha hapa ligi ya ridhaa ya mpira wa kwao, wenye nguzo nne kila upande na mpira wa umbo la yai. Wote walitaka kucheza. Wa kusimama juani nyuma ya nguzo hakupatikana. Mzee Japhet akakabidhiwa bendera. Goli huinuliwa bendera mbili, pointi sita. Mpira ukigusa nguzo ni bendera moja, pointi moja. Mechi zilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko ya nchi hii. Ijumaa zake, siku pekee ya kulala na kuimba kwaya, zikaishia hapo. Alinung'unika msimu mzima, na hakukosa hata mechi moja.

Fainali ya msimu huo ilichezwa Mei, joto likipenya hadi kwenye soli za viatu. Timu ya Sir Stephen, meneja wetu, ilikuwa nyuma kwa pointi tatu. Dakika ya mwisho Sir akapiga, mpira ukakwaruza nguzo, ukapita. Sir akaanza kushangilia. Wiki ile viza ya kazi ya Mzee ilikuwa inangoja saini ya Sir huyo huyo ili iongezwe muda, na watoto wake kule Tukuyu walikuwa bado shuleni. Sisi tuliokaa pembeni tuliomba kimoyomoyo ainue mbili.

Akainua moja. Filimbi ikalia, kombe likaenda kwa wengine.

Baadaye Leah wa jikoni alimuuliza kwa nini amejitafutia balaa. Mzee alimwambia alikuwa amechoka mno, hata kudanganya hakuweza.

Sir alimnunia siku kadhaa, tukawa tunakula kwa wasiwasi. Kisha akatia saini, akaagiza bendera zile asishike mtu mwingine. Mzee aliipokea heshima hiyo kama adhabu.

Leo jioni, akitoka getini, Sir Stephen mwenyewe atamwinulia bendera zote mbili. Asante, Mzee wetu. Tunakuombea afya, na magoti yenye amani. Kesho ni Ijumaa. Kalale.