Ng'ombe wa Ngoma ya Kiringye

Sogeeni karibu, wanangu, na mlango muuache wazi, nataka nione paa la nyumba ya ngoma kabla macho hayajanizimikia. Sikilizeni. Minye mama yenu Generose, mjane wa Herménégilde, akili yangu bado iko nzima. Shamba la mpunga la Luberizi ni la Inamahoro, kwa sababu ndiye aliyelilima nilipougua, na mtu asije akamsumbua ati yeye ni binti. Nyumba hii ni ya Sévère. Deni sina, ila moja, nitalifikia.

Lakini ng'ombe wale walio nyuma ya nyumba si wangu, wala hawakuwa wa baba yenu. Sévère, usiinamishe kichwa. Najua umekwisha kuongea na mchuuzi, umemwambia mama akishafunikwa udongo aje na kamba zake awachukue wote. Sikukasirikii sana. Miaka ile ya vita ulikuwa ukimbizini ng'ambo ya Ruzizi, hukuona nilichokiona minye.

Baba yenu na wenzake walipounda umoja wa kutunza ngoma za wazee, Wabelgiji wangali hapa, walijua kwamba ngoma hailimi wala haiendi mjini kutafuta kazi, lakini inataka ngozi mpya, inataka paa lisilovuja, inataka wapigaji walishwe siku ya sikukuu. Basi wakafanya kama tunavyofanya kwetu siku zote: ng'ombe akapewa nyumba moja hapa Kiringye, mwingine akapewa nyumba ya Lubarika, wenye nyumba wakanywa maziwa, lakini siagi ya Jumamosi ikaletwa kwangu, na ndama jike wa kwanza akarudi kwa ngoma. Siku ya kurudi kwake ngoma ilipigwa pigo moja, watu wote wakasikia, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumwita ndama yule wake. Siagi nyingine niliuza sokoni, nyingine wanaume walipaka ngozi za ngoma zisipasuke. Minye mwanamke, ngoma sijaigusa maisha yangu yote, ndiyo desturi. Lakini hakuna ngoma iliyolia hapa bila siagi ya mikono yangu.

Mwaka wa uhuru Octave, katibu wetu, alirudi kutoka Uvira na tai shingoni, akasema umoja wenye heshima unaweka mali yake katika kese, sanduku la fedha, si zizini. Alisema kwa nia njema, komite ikamkubali, na ng'ombe wengi wakauzwa. Falanga zile tulizifurahia, zilikuwa mpya, zinanukia. Halafu zikaanza kulegea, paa lile lile likataka falanga nyingi zaidi kila mwaka, na vita ilipofika, watu wenye bunduki wakavunja kese wakazoa zilizobaki. Kama walikuwa waasi ao askari, siwezi kuapa.

Siku tuliposikia Uvira imeanguka, bonde lote lilikuwa barabarani na magodoro kichwani. Gakunzi, mfugaji wa milimani, alikuwa ameshuka kununua chumvi. Nilimfahamu kwa salamu za sokoni tu, na hata kanisa lake si letu. Nikamshika mkono nikamwambia, ng'ombe hawa waliobaki ni wa ngoma, wapandishe kwenu, maziwa ni yako, siagi ya Jumamosi ni ya ngoma. Hakuuliza atalipwa nini. Alipiga mluzi, wakamfuata, na minye nikakaa chini katika mpunga nikalia, maana nilijua sitawaona tena.

Miaka ikapita. Tukasikia vita imepanda hata huko juu, watu wanachinjiwa mifugo yao mbele ya macho yao. Nikawafuta ng'ombe wale moyoni. Kisha asubuhi moja ya kiangazi nikaona vumbi kwenye njia ya Lubarika, wanangu, na ndani ya vumbi pembe, nyingi kuliko zilizopanda: mama, ndama, na ndama wa ndama. Nyuma yao alikuja mtu amekonda, hana viatu. Ng'ombe wake mwenyewe walikuwa wamekwisha wote. Akanipa kibuyu cha siagi, akasema ni ya Jumamosi iliyopita, nimsamehe, ile nyingine iliharibika. Nikamuuliza kwa nini hakuchinja hata mmoja watoto wake wapone njaa.

Akanijibu, “Mama, hii ng'ombe ni ya ngoma. Ningetaka kula moja, ningeomba ruhusa kwa nani?”

Mwili wote ulinisisimka, kama kanisani padri anapoinua hostia. Octave alivua kofia akalia mbele ya watu. Mpaka leo nikikumbuka... Ngojeni kidogo. Nipeni maji.

Deni langu ni hili. Kwa ruhusa ya komite nilimpa Gakunzi mtamba, akakataa, akasema huko juu hakujatulia, nimtunzie. Sasa kumetulia. Ni Gitare, yule mweupe mwenye mimba. Mpandishe weye mwenyewe, Sévère, kwa miguu yako, usimtume mtu, na ukifika uvue kofia. Wengine wabaki wa ngoma. Mchuuzi mwambie mama alikuwa hana ng'ombe.

Nenda sasa, mwanangu. Nenda nyumba ya ngoma ukapige pigo moja, watu wasikie. Nenda ningali hapa.

Inamahoro, nishike. Mungu awape ng'ombe, awape na watu wa kunywa nao maziwa. Alichokikabidhi mtu mikononi mwenu akikute, hata akikawia. Msigombane juu ya... juu ya kaburi langu. Mnizike karibu na baba yenu.

Mbona kimya? Amefika?

Ee. Mmesikia? Amepiga.

Ngozi imekauka kidogo, Inamahoro. Jumamosi... usisahau siagi.